Muziki wa Nyota wa Dada Zaina

Zuzu, Jumanne, Juni 1994

Hata wimbo unaishia wapi sijui. Ngoma hakuna, mwimbaji hakuna, vinanda vya umeme tu vinavuma. Na mimi ndiye niliyemwapia dada Zaina, asiyelala tangu tumzike shemeji, kwamba muziki wa anga za juu naujua kuliko waliofika mwezini!

Nilichagua kwa kubahatisha kwenye kanda za kuazima. Wimbo ule mzito nikautanguliza, sijui kwa nini. Leo alasiri nikamwekea.

“Kaka, redio imekufa?”

“Tulia, tunapita kwenye nyota.”

“Nyota gani zinakoroma?”

Nageuka kumjibu, kumbe kalala.

Kanda ikaisha. Nikaogopa kuigeuza, nikaogopa ukimya. Nikavuma mwenyewe kwa mdomo, mtu mzima mimi, mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa naimba nini, sielewi. Ila hakuamka.