Nimekusema Mbele ya Askari Wenzako

Baba,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Najua hupendi maneno mengi, lakini safari hii huwezi kunikatiza, kwa hiyo nisikilize. Nimekuasi. Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye ukumbi wenu wa Stratford, ule mnaokunywa chai askari wastaafu kila mwisho wa mwezi, nikawaambia wote habari ya kiungulia chako. Wote, Baba. Hata yule Sajini wa Kiingereza uliyekuwa ukimvalia tai.

Ulitukataza. "Mambo ya tumbo langu hayavuki mlango huu," ulikuwa ukisema, na sisi pale Tottenham, mimi na Mama, tukanyamaza miaka nenda miaka rudi. Nilikuelewa. Babu alikuleta mji huu wa Waingereza baada ya Mapinduzi ya kwetu visiwani ukiwa mtoto, huna mbele wala nyuma, na jeshi lao ndilo lililokupa pa kusimama. Kikohozi chako kilikuwa na heshima yake kwa sababu kilitoka vitani. Mlikula na kulala ndani ya moshi, visima vya mafuta vikiwaka jangwani, na mtu akikuuliza kuhusu kifua ulimsimulia mpaka chai ikapoa. Lakini kubeua? Kiungulia baada ya biriani? Hayo uliyaona mambo ya walafi.

Basi ukawa unatembea na vile vidonge vya kiungulia vya kutafuna, umevitoa kwenye boksi ukavifunga kwenye leso mfukoni mwa koti, eti tusivione. Tulikuwa tunaviona, Baba. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua hilo koti.

Na mimi nina langu la kukiri. Kila jioni ulipoanza kukohoa nilikamua ndimu mbili, nikatia asali na tangawizi, nikamimina maji moto. Dawa ya kwao Mama, Pemba, kila mtu kule ameinywa. Ukaimaliza kwa mkupuo mmoja, kisha ukaenda kulala chali, bila mto, umenyooka kama uko kwenye gwaride. Nikikuletea mito unaniambia, "Mie si mgonjwa, mwanangu, mie askari." Ndimu mbili juu ya tumbo linalochemka asidi, halafu chali! Na mimi nikijiona mtoto mwema. Nikikumbuka hivyo natamani kuvunja vikombe vyote vya jikoni.

Yule daktari wa kifua, binti mwenye miwani, unamkumbuka? Wenzake wote walikuandikia pampu za pumu wakakurudisha nyumbani. Yeye ndiye aliyeuliza kama unapata kiungulia, kama unashtuka usingizini umepaliwa, mdomo mchungu. Ukamjibu kwamba huna tatizo, "No, no, Doctor, I'm fine." Kisha ukanigeukia ukanitazama. Nilikuwa nimelipakata koti lako, vidonge navigusa kwa vidole. Mwanamke wa miaka arubaini na mbili, nasimamia wafanyakazi wa nyumba nzima ya kutunzia wazee, nikaogopa jicho la baba yangu. Sikusema kitu.

Nilisema ulipolazwa na nimonia, wakati umeshachelewa. Daktari yule alinichorea kwenye karatasi: mtu akilala, asidi ya tumboni inapanda hadi kooni, nyingine inateremkia kwenye njia ya hewa, na mapafu yako yalikuwa yameshaumizwa na moshi. Hakuapa kwamba asidi ndiyo iliyokuondoa. Alisema tu kwamba angalipenda kuambiwa mapema. Nilikukasirikia, Baba. Hata siku ya hitma nilisoma Yasini huku nimekasirika.

Sasa kilichonipeleka Stratford ni hiki. Ami Haji, mwenzako wa hema moja, alikuja kutupa pole. Mama akampakulia pilau, akala haraka haraka kama mlivyofunzwa huko jeshini, mara akaanza kukohoa. Kikohozi kilekile. Akashika kifua, akatia mkono mfukoni, akatoa leso. Kumbe mlikuwa mnafundishana! Nilipomuuliza akacheka, "Hii stomach tu, mwanangu. Kifua wanakijua, chest clinic naenda kila mwezi." Nikamuuliza kama na hilo la tumbo wanalijua. Akairudisha leso mfukoni.

Ningembana pale sebuleni angeniitikia kwa adabu, kisha asiende popote. Nawajua nyinyi, hamsikii mpaka mkiwa mmekaa na wenzenu. Ndiyo maana nikamfuata ukumbini. Aliponiona nasimama akaninong'oneza, "Kaa kitako, mwanangu, haya si ya kusemwa." Sikukaa. Nilitaja jina lako. Nikasema ulivyomdanganya daktari na mimi nilivyonyamaza. Nilipofika kwenye ndimu nililia mbele yao, nikafuta macho nikaendelea. Mwisho nikawaambia, mwenye vidonge mfukoni aviweke mezani.

Nikaanza kutafuta mkoba wangu niondoke. Kisha Sajini wako akatoa vyake. Akafuata mwingine, na mwingine. Ami Haji alikuwa wa mwisho, na aliviweka bila kunitazama.

Keshokutwa nakwenda naye kwa daktari. Tumekubaliana kwamba akisema hana tatizo, mimi nitasema analo. Ameanza kulala ameinua kichwa, ananung'unika kama mtoto, na chakula cha usiku anakila mapema. Mama hasemi nami siku ya tatu leo. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba nimekuvua nguo mbele za watu. Inaniuma, kwa sababu huenda ni kweli. Lakini wewe umeshazikwa, Baba, na Ami Haji bado anapumua. Kati ya heshima yako na pumzi yake nimechagua, na ningechagua vivyo hivyo kesho.

Wa Kingsbury nao wana kikundi chao cha wastaafu, wameniita. Nitakwenda, na nitakusema na huko, jina lako kamili pamoja na la babu.

Pumzika, Baba. Nina hamu nawe kuliko ninavyojua kuandika. Radhi nitakuja kukuomba mwenyewe tukionana; kwa sasa nina kazi.

Binti yako,
Zuhura