Mama Kaniachisha Kazi Mbele ya Wateja

We mbona hupokei simu? Mama kaja kazini. KAZINI! Kaniachisha kazi!

Nimeshaifungua simu ya mteja, skrubu zote ziko kwenye kizibo, mama huyo mlangoni. Hata salamu hakutoa. Anamwambia fundi, bosi wangu, "Leo ndiyo mwisho. Binti yangu anakwenda chuo kikuu, hakuzaliwa kufungua simu za watu."

Hakuzaliwa kufungua simu za watu! Wateja wamenitolea macho, nikatamani ardhi inimeze.

Nikamwambia, "Mama, si tulikubaliana nifanye kazi kwanza, chuo mwakani?" Akanijibu, "Ulikubaliana na nani?" Na yeye! Na wewe ulikuwepo, unakunywa chai yetu!

Ngoja, bado.

Akamgeukia fundi, sauti imelainika utadhani siyo yeye. "Sasa hiyo nafasi, si umpe kaka yake?"

Kaka yangu! Mwenye digrii! Yule yule ambaye tangu amalize chuo kazi yake ni kulala kwenye kochi na kuuliza chakula kiko wapi! Yaani mimi niende chuo nisije nikawa fundi simu, halafu aliyetoka chuo ndiye awe fundi simu. Hivi huyu mama anajisikia anavyoongea?

Nikamtazama fundi, nikijua atanitetea. Kakubali! Eti hataki ugomvi na mzazi. Mwoga mkubwa.

Kesho asubuhi niende nikamfundishe kaka kazi yangu. Nikimaliza, nikasome niwe kama yeye.