Sauti ya Kungwi Kwenye Runinga ya Sebuleni

Shangazi Modesta mpendwa, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana tangu Jumapili ile nitakayokueleza simu ikiita siipokei.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma, lakini kwetu ni Mtwara mjini, Ufukoni, na jina nitakalotumia ni Safina ingawa si langu. Mdogo wangu Ayubu alinunua kile kisanduku chenye diski ndani yake, akakiunganisha na intaneti ya nyumbani, ili familia nzima tuweke humo picha, kaswida, na nakala za hati ya kiwanja, kila mtu na folda yake, na ukiwa nyumbani unafungua kwa simu bila shida yoyote.

Sasa Shangazi, bibi yetu mzaa mama, Bibi Saumu, ni kungwi. Mabibi harusi wengi wa Ufukoni na Shangani wamepita mikononi mwake, na wewe mwenyewe unajua mambo hayo mwanamume hayasikii, hata mumeo wa ndoa humwelezi. Anataka mimi nimrithi, na kwa kuwa niko mbali alikubali nimrekodi anapofundisha, akaniambia, "Kwenye simu yako humo humo, usimpe mtu, ukishashika kichwani futa," nami nikaitikia ndiyo. Bibi akianza kusema hasahau kitu, anaimba, anafundisha, halafu anatoa mifano ya wanawake waliomjia wakilia na mambo ya ndani ya ndoa zao, na anawataja kwa majina. Baadaye simu ikaanza kujizimazima, nikaogopa sauti zitapotea, nikazihamishia kwenye folda yangu ndani ya diski ya nyumbani, nikafunga kwa neno la siri, nikajiona nimefanya la maana.

Niliporudi Mahurunga ikawa kila nikitaka kusikiliza naambiwa kifaa hakipatikani. Nikampigia mama, "Mama, taa za kisanduku zinawaka?" Akasema, "Zinawaka, moja inakonyeza." Nikamwambia achomoe waya achomeke tena, akachomoa friji, tukarudia, akachomoa chenyewe, bado hakipatikani. Nikatazama video moja mtandaoni, jamaa anaeleza kwa kujiamini kwamba tatizo hilo ni ruhusa, ondoa neno la siri, weka alama kwenye "kila mtu" uone kama itafunguka. Basi nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi nikafanya hivyo, nikarudi Mahurunga, nikajaribu, hakipatikani vilevile, nikakata tamaa nikasahau. Sikurudisha kufuli, Shangazi.

Ayubu anaoa Mikindani. Jumapili hiyo wazee wa upande wa binti walikuja kwetu kukamilisha mazungumzo, wanaume sebuleni, sisi wanawake uani na Bibi, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni nije kusaidia. Ayubu akataka kuwawekea wageni kaswida kwenye runinga, na runinga yake inasoma kile kisanduku, akaingia kwenye orodha ya sauti akabonyeza zichezwe zote. Kaswida ya kwanza ikaenda vizuri, ya pili ikaenda vizuri, tukawa tunaisikia huku uani tunaifuatisha, halafu nikasikia Bibi anakohoa. Nikageuka kumtazama, na Bibi ameketi hapo mkekani hajakohoa.

Ikaanza sauti yake kule sebuleni, inatoka kwenye spika kubwa za runinga, anafundisha. Yale yale, Shangazi. Kabla sijaweza kusimama ikamtaja mke wa Mzee Muhidini, baba mdogo wa binti anayeposwa, ambaye alikuwa mbele ya runinga ile ile, na mkewe yuko nasi uani ameshika bakuli la tambi. Alilitua chini taratibu. Alichosimulia Bibi juu yake sitakiandika hapa wala popote. Nikamsikia Mzee Muhidini anasema, "Zima hicho, kijana," na Ayubu anajibu, "Nazima mzee, rimoti haishiki," mpaka mama akaingia akang'oa waya ukutani.

Bibi alisema kitu kimoja tu, "Hiyo sauti ni yangu." Wageni waliondoka bila kula, na mke wa Mzee Muhidini aliondoka bila kumuaga mtu.

Jioni Bibi akaniita chumbani akaniuliza, "Ayubu alishika simu yako?" Nikanyamaza. Sikusema ndiyo wala hapana. Akasema, "Basi," akachukua kanga zake akaenda Likombe kwa mama mkubwa, na ametuma ujumbe kwamba hatamfundisha mwanamke yeyote tena, hata mke wa Ayubu, kama huyo mke bado yupo. Ayubu ameapa kwa Mungu hajui sauti zile zimetoka wapi, hakuna anayemwamini, wanasema alikuwa anadukua siri za wanawake, mama hampi salamu. Mwenyewe ameniandikia, "Dada, wewe umesoma, nisaidie kuwaeleza." Sijamjibu.

Nimesharudi Mahurunga, na folda bado iko wazi na mimi siifikii. Naomba kwanza unipe njia ya kuingia kwenye diski kutoka huku, niifunge na kuzifuta zile sauti kimyakimya kabla mtu hajazichunguza, na pili uniambie kama kuna haja ya kusema lolote, au nisubiri yapoe yenyewe.

Safina, Mahurunga

SHANGAZI MODESTA ANAJIBU

Safina, nimeandika safu hii miaka mingi, nimesoma barua za kila aina, lakini yako niliiweka mezani nikatoka nje kupunga upepo. Nakuonea huruma, na nimekasirika, na vyote viwili utavipata.

Ukifika hapa acha kusoma, mpigie Ayubu simu, mwambie achomoe kile kisanduku kwenye umeme sasa hivi na asikichomeke mpaka ufike. Atakuuliza kwa nini. Mwambie kwa nini. Usinitafutie njia ya kufunga folda hiyo bila yeye kujua, kwa sababu folda iliyo wazi haisubiri aibu yako iishe. Mtu yeyote anayetumia intaneti ya nyumba hiyo, mgeni aliyepewa neno la siri la ruta ili aangalie ujumbe wake, anaweza kuifungua akaondoka na siri za nusu ya Ufukoni mfukoni. Hilo lilikupita kabisa, na mimi ndilo lililoninyanyua kitini.

Sasa la ufundi, maana umeliuliza na lina somo. Nimemuuliza Witness, mama anayetunza kompyuta za ofisi yetu, akasoma barua yako akashika kichwa. Anasema kama tatizo lingekuwa ruhusa, ungeambiwa huna ruhusa. Wewe uliambiwa kifaa hakipatikani, maana yake hata nyumbani hukufika. Shida ilikuwa barabarani, wewe ukaenda kuvunja kufuli la chumba. Anasema nyumba nyingi zinazotumia intaneti ya laini ya simu hazina anwani inayofikika kutoka nje, kwa hiyo ungeweza kuondoa maneno ya siri yote duniani na bado ungebaki nje huko Mahurunga, huku waliomo ndani wakijisomea. Na bahati yako ni hiyo hiyo. Kama njia ingekuwepo siku hiyo, kilichosikika sebuleni kingesikika hata na watu msiowajua.

Dawa yake ni njia ya faragha kati ya simu yako na nyumbani, wenyewe wanaiita VPN, na visanduku vingi vina huduma ya namna hiyo kutoka kwa aliyevitengeneza. Inawekwa ukiwa nyumbani, umekaa na fundi mnayemwamini, na unaijaribu kwa kuzima waifai ya nyumbani na kutumia bando lako kabla hujasafiri. Kufuli la folda haliguswi. Kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri, ile alama ya "kila mtu" iondoke, na ile huduma inayoipelekea runinga nyimbo na picha ipewe folda moja tu, ya kaswida. Ukiona ushauri mtandaoni unaokuambia uondoe neno la siri "uone tu," funga video.

Hayo ni mepesi. Nirudi kwako.

Barua yako inalia sana juu ya kufuli, lakini kuna sentensi umeipitisha mbiombio ukidhani sitaiona. Bibi alikuambia humo humo kwenye simu, usimpe mtu, ushike kichwani, ufute. Hakukuambia uhamishie kwenye kisanduku kilichonunuliwa na mwanamume, kinachokaa sebuleni kwa wanaume. Hata kama kufuli lingebaki pale mpaka kesho, ulikuwa umeshavunja neno lako siku ile ulipohamisha. Najua uliogopa sauti zitapotea. Ungemuuliza. Ufukoni si Ulaya, na bibi yako ana masikio.

Halafu akakuuliza swali moja, la upole, kuhusu mdogo wako, nawe ukanyamaza. Mwanangu, usiniambie hukusema ndiyo. Chumbani mwa mzee, kunyamaza kwako ndilo jibu alilolipata, na kwa jibu hilo Ayubu anaitwa mdukuzi wa siri za wanawake, mama yake hampi salamu, na ndoa yake imekwama. Kijana huyo kosa lake ni kuweka kaswida. Na wewe unaniuliza kama kuna haja ya kusema? Haja ipo, na imechelewa.

Omba ruhusa shuleni, panda gari, nenda kwanza Ufukoni. Mbele ya mama mwambie Ayubu umekosa, taja ulichofanya bila kumtaja jamaa wa video, maana aliyebonyeza ni wewe. Mama ndiye atakayetafuta wazee wa kwenda Mikindani kuwaeleza kwamba kijana hana hatia, wewe usijipeleke. Kwa mke wa Mzee Muhidini usiende kabisa mpaka Bibi aseme. Yule mwanamke alimwamini Bibi, hakukuamini wewe, na Bibi ndiye atakayejua namna ya kukaa naye.

Kisha Likombe. Nenda peke yako, na kisanduku ukibebe. Usimletee zawadi, atakuona unamnunua. Kaa chini, mwambie, "Bibi, Ayubu hakushika simu yangu, ni mimi," halafu unyamaze, safari hii kunyamaza kunafaa. Mweleze sauti zake ziko wapi na wapi, moja moja, kwa maneno anayoyaelewa, na muulize anataka zifanyweje. Akisema ziwekwe, atakuambia ziwekwe wapi na nani azisikie, na hutaongeza hata mtu mmoja. Akisema futa, futa mbele yake, na ukumbuke kisanduku kina pipa la taka ndani yake, nalo ulimwage. Usimwambie elimu yake itapotea. Anajua kuliko wewe kitakachopotea, na ni chake. Huenda asikufundishe tena, na hapo hakuna fundi wa kumwita.

Na kama kuna nakala nyingine mahali ambayo hukuniandikia, Safina, ukifika kwa Bibi anza na hiyo.