Kashata Chini ya Mchele

Rayners Lane, London
Jumamosi, 11 Aprili 2020

Shikamoo Mama Mkubwa,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako. Zamani niliandika hivyo kwa sababu uliniambia. Mwaka huu naandika kwa sababu ni kweli. Sisi wazima. Wewe je? Kifua kinaendeleaje? Mwanza mmeanza kuvaa barakoa?

Shule imekwisha bila mtihani. Walitutumia ujumbe tu. Sikumuaga hata mwalimu mmoja, na nikisema ukweli nilishukuru, maana kuaga siwezi.

Sasa habari kubwa. Unajua duka la Baba la vyakula liliishi kwa harusi, na harusi zote zimefutwa. Alishaanza kuulizia watu wa kununua majokofu. Ndipo serikali ikatangaza zabuni: inatafuta maduka ya mitaani ya kuwapelekea chakula wazee na wagonjwa waliokatazwa kutoka nje. Baba akaomba, tukapata! Maboksi mia mbili arobaini kila Alhamisi. Mkataba una kurasa sitini na nane. Baba alisoma ya kwanza, akanisukumia zilizobaki: "Wewe ndiye mwenye shule." Palipoandikwa "msimamizi wa ubora" akaandika jina langu.

Kazi yangu ni kuhakikisha kila boksi lina vitu kumi na tisa vya kwenye orodha, na hakuna cha ishirini. Karanga ndiyo marufuku kabisa, kwa sababu wapo wenye mzio, wakila kipande kidogo tu koo linaziba. Nikishakagua, Baba atafunga boksi kwa selotepu, na kila wiki mimi nitaweka sahihi.

Kinachonitesa ni simu. Afisa wa serikali akipiga, napaswa kupokea mimi. Jana niliiacha ikalia mpaka ikakata. Kisha nikaandika kwenye karatasi kila nitakachosema, mpaka "habari za asubuhi", ndipo nikampigia.

Mwanao,
Tejal


Mwanza
Jumatatu, 13 Aprili 2020

Marahaba mwanangu Tejal,

Mimi mzima. Kifua kinakohoa kikohozi kilekile unachokijua, kisikutishe. Barakoa nimejishonea ya kitenge, watoto wa jirani wanasema nafanana na mwizi wa kuku.

Msimamizi wa ubora! Wewe? Wewe uliyekuwa unajificha nyuma ya magunia dukani kwenu hapa Mwanza, mtaa wa Makoroboi, mteja akiingia, mimi naapa "Tejal ametoka" na huku kandambili zako anaziona? Mungu mkubwa. Marehemu mama yako, aliyeniita dada mpaka siku ya mwisho, angecheka mpaka alie.

Lakini nina swali kwa baba yako Chaman. Nyongeza iko wapi? Miaka kumi na tisa nilimfanyia kazi ya kuuza dukani. Mtu akinunua kilo ya mchele, juu yake anapata kashata ya karanga, bure. Ndiyo maana watu walipita maduka matatu wakaja kwetu. Mwambie baba yako mzigo usio na nyongeza ni chakula cha magereza. Msomee hivyohivyo, usilainishe.

Na simu usiiogope. Haina meno.

Mama Mkubwa wako,
Gladness


Rayners Lane
Jumatatu, 27 Aprili 2020

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini kikohozi hakijazidi. Sisi tunanawa mikono mpaka ngozi inachanika.

Wiki ya kwanza imepita salama. Baba huweka boksi mlangoni, anagonga, anarudi nyuma hatua sita. Wazee wanatupungia mikono dirishani. Mmoja alituonyesha paka wake.

Nilimsomea barua yako. Alicheka, kisha akasema, "Dada Gladness ana akili kuliko serikali." Nikamwambia, Baba, orodha ni orodha. Akasema sawa, sawa, sawa. Mara tatu. Afisa wetu, Bi Lydia, amesema tukiendelea vizuri mkataba utafika Septemba. Mkataba huu ukiondoka, Mama Mkubwa, duka linafungwa. Baba hasemi, lakini majokofu bado hajayaondoa kwenye tangazo la kuuza.

Mwanao,
Tejal


Rayners Lane
Alhamisi, 7 Mei 2020

Mama Mkubwa, shikamoo. Nisamehe sikuulizi hali vizuri leo.

Boksi moja limerudi. Namba 117, la Bwana Deepak, anaishi peke yake. Jirani alimwambia Baba kupitia dirishani kwamba mzee kachukuliwa na gari la wagonjwa jana asubuhi, alikuwa hapumui vizuri.

Nilifungua boksi ili nirudishe vitu rafuni. Nikainua mfuko wa mchele. Chini yake kulikuwa na kashata ya karanga, imefungwa kwenye karatasi ya nta, ncha mbili zimesokotwa, kama ulivyokuwa unafunga wewe.

Nilimfuata Baba nayo mkononi. Hakukana. Anazipika alfajiri jikoni nyuma ya duka, na anaziingiza anapofunga, baada ya mimi kukagua. Wiki iliyopita aliweka katika maboksi yote, na leo tena katika yote.

"Baba, niliweka sahihi kwamba hakuna karanga."

"Kashata haijaua mtu Mwanza."

"Bwana Deepak hapumui!"

"Ni korona hiyo. Kila mtu ni korona."

"Unajuaje?"

Akasema ninyamaze. Akasema nikifungua mdomo mkataba unakwenda, na duka linakwenda, na yeye ana miaka hamsini na minane, atakwenda kubeba mizigo kwenye maghala ya Hayes? Hajawahi kunipigia kelele hivyo. Kisha akaketi juu ya gunia, akafunika uso.

Sijui kama mzee alikula ile ya wiki iliyopita. Sijui kama ana mzio. Kashata nyingine mia mbili thelathini na tisa ziko ndani ya nyumba za watu sasa hivi. Nifanye nini?

Tejal


Ijumaa, 8 Mei 2020, saa mbili asubuhi

Mama Mkubwa, naona umeisoma barua yangu. Alama za ujumbe kwenye simu zimegeuka buluu. Nijibu tafadhali.

Tejal


Ijumaa, 8 Mei 2020, saa kumi na moja jioni

Bado nakusubiri. Nimempigia Bwana Deepak mara nne. Inaita tu.

T.


Mwanza
Jumamosi, 9 Mei 2020

Mwanangu,

Nilisoma juzi ileile. Sikujibu kwa sababu ya aibu. Kila nikishika simu naona maneno yangu mwenyewe: msomee hivyohivyo, usilainishe. Mimi ndiye niliyetia moto chini ya ile sufuria. Unisamehe kwa hilo, na unisamehe kwa siku moja na nusu uliyokaa peke yako.

Sasa sikiliza. Nyongeza ina adabu yake, na Chaman anaijua, nilimfundisha mwenyewe. Nyongeza hutolewa mbele ya macho ya mteja. Unaiinua, anaiona, mnacheka. Asiyeitaka anasema, "Mama, hiyo siili." Mzee Kalpana wa pale kona, unamkumbuka? Bibi yule hakuwa anakula kitu kwenye mfungo, nami nikampa kiberiti badala yake. Iliyofichwa chini ya mchele si nyongeza. Hata ukiificha kwa upendo.

Wapigie simu. Wote. Baba yako akikasirika, mwambie nimekutuma mimi, anikasirikie mimi, niko mbali hawezi kunirushia kandambili.

Mama Mkubwa wako,
Gladness


Rayners Lane
Jumatatu, 11 Mei 2020

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nimekusamehe kabla hujaomba. Unakohoa? Niambie kweli.

Nimewapigia. Siku mbili, tangu asubuhi mpaka giza. Niliandika maneno kwenye karatasi, na kwa watu kumi wa kwanza niliyasoma neno kwa neno. Baadaye sikuihitaji. Wengi hawajaongea na mtu kwa wiki nyingi, hawaniachii nikate. Mmoja alisema, "Kumbe inaitwa kashata? Nimeshaila. Leta nyingine." Bibi mmoja akanijibu kwa Kiswahili: "Mtoto wa nani wewe? Mimi nimezaliwa Jinja!" Akalia, akacheka, akaniuliza kama nimeolewa.

Kisha nyumba ya arobaini na moja. Mama anaitwa Émilienne, Mkongo, amestaafu kazi ya kutunza wazee. Nilipotaja karanga akasema, "Iko hapa kwenye kisahani. Nilikuwa nasubiri chai ipoe." Ya wiki iliyopita alimpa jirani; alidhani ni za nazi. Karanga ziliwahi kumlaza hospitali siku tatu. Nilimsikia anainuka, anafungua mlango, anaitupa nje. Akarudi kwenye simu akasema, "Mungu akubariki, binti."

Leo nimempigia Bi Lydia nikamwambia yote. Akasema, "Ungekaa kimya nisingejua kamwe. Lakini sasa najua, na siwezi kujifanya sijui." Mkataba umesimamishwa.

Baba aliniletea chai nilipokuwa napiga simu, akaiweka mezani, akaondoka. Hajasema neno.

Namba 117 hapokei.

Mwanao,
Tejal


Rayners Lane
Jumanne, 2 Juni 2020

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nafurahi daktari amesema kikohozi ni kilekile cha zamani. Sisi wazima.

Mkataba umevunjwa rasmi. Barua ilikuwa fupi, nimemsomea Baba mara moja tu. Majokofu mawili yameuzwa. Sijui kama tutafika sikukuu ya Diwali tukiwa na duka.

Nimekuwa nikimpigia Bwana Deepak kila siku saa nne. Jana ikapokelewa. Ni binti yake, Rupa, amekuja kufungasha vitu. Baba yake alifariki tarehe kumi na mbili. Korona. Nilimpa pole. Kisha nikauliza kama mzee alikuwa na mzio wa karanga.

"Karanga? Baba amekula karanga maisha yake yote. Kwa nini?"

Nikamweleza.

"Kumbe ni nyinyi," akasema. "Aliniambia siku hizi serikali inatuma kashata. Nilidhani homa imempanda kichwani. Alisema ya wiki ijayo atanibakizia nusu."

Mama Mkubwa, mtu amekufa, na mimi nilishusha pumzi. Hilo sijamwambia yeyote ila wewe.

Jioni nilimwambia Baba habari za Rupa. Akaenda jikoni nyuma ya duka. Leo asubuhi nimekuta chupa kubwa ya kioo juu ya kaunta, imejaa kashata, kila anayeingia anaiona. Ubavuni amebandika karatasi tupu, na kalamu ameiweka upande wangu. Nimeandika KARANGA kwa herufi kubwa. Mteja akija, Baba anaiinua chupa, anamuuliza kwanza kama anaruhusiwa kula karanga, ndipo anampa. Leo mchana ameongea nami: ameuliza anwani ya Rupa, huku anafunga kashata kwenye karatasi ya nta.

Simu ya duka inalia. Baba ananitazama. Nakuacha hapa, Mama Mkubwa, naenda kupokea.

Mwanao,
Tejal