Mama ya Baraka aliniuliza mwisho wa nyota

Mama Kahindo mupenzi,

Natumaini muko wazima kule Butembo. Hapa Kitshanga, ku kambi ya wakimbizi kwenye nafundisha, mvua haikatike. Leo nilienda kumupa pole mama ya Baraka, mwanafunzi wangu mwenye waasi waliua juzi. Alinipakulia maharagi ndani ya hema yake, kisha akauliza:

"Mwalimu, Baraka aliniambia nyota inazaliwa na vumbi na gesi, halafu inawaka myaka mingi sana. Hakunimalizia. Inaishaka namna gani?"

Nilitamani kumudanganya. Nikasema: "Gesi yake inaisha, Mama, njo inakufa."

"Hata nyota?"

Akafunika uso na kitenge, akalia kwa sauti. Nilibaki naye mpaka maharagi ikapoa.

Unikumbatilie watoto wetu. Nawapenda sana, na naogopa.

Papa Kahindo