Kondoo wa Jirani wa Kisima

Jumatatu, Juni 2008, mtaa wa Yeoville, huku kusini mwa Afrika. Baridi ya kukata masikio, na nina hasira tangu jana.

Wiki iliyopita wanaofukuza wageni walivunja duka la kaka yangu Deo, fundi wa kushona nguo. Vyerehani vyote viwili vimekwenda, pamoja na vitambaa vya wateja. Sasa anashinda kitandani akitazama ukuta, anasema atarudi kwetu Bukavu. Arudi kwa nani? Nyumba yetu ilishachomwa.

Jana kanisani watu wa kwetu walimkumbatia wote. "Pole sana ndugu, Mungu iko." Kisha kila mtu akaenda zake kula.

Pole haishoni nguo.

Leo nimemsimulia Mama Pina, bibi wa Kiitaliano ninayemtunza kule mtaa wa Observatory. Kwao ni kisiwa cha Sardinia, katika kimji cha wachungaji mlimani. Mumewe ndiye aliyemleta huku, alipofuata kazi ya migodi. Kimji chenyewe hukisema vibaya kila siku: mawe matupu, watu wakaidi, wizi wa mifugo tangu enzi za mababu. Ukoo wake na wa jirani hawakusalimiana miaka nenda rudi kwa sababu ya kisima.

Leo kaongeza jipya. Baba yake aliwahi kuibiwa kondoo wote. Desturi yao, mchungaji akipoteza kundi, kila mwenzake humpa kondoo mmoja ili aanze tena. Basi wakaja. Hata yule jirani wa kisima alikuja, akaacha kondoo uani, akaondoka bila salamu. Ugomvi ukaendelea kama kawaida.

Sisi salamu tunazo tele. Harusi tunaundia kamati. Deo angeuawa, wangechanga mpaka jeneza lifike Bukavu. Kosa lake ni kuwa hai.

"Na watu wenu wamemletea nini?" Mama Pina aliniuliza. Kisha akanituma kabatini nitoe mkasi wake mzito wa kukatia vitambaa.

"Mpelekee. Huyo ni kondoo wangu."

Hajawahi hata kumwona Deo.

Jioni nimempa. Aliinuka kitandani, akaketi, akapima makali kwa kidole gumba.

Jumapili nitauazima mkasi huo kwake. Nitauweka mezani kanisani kabla ya sala, niseme umetoka kwa nani, halafu nikae kimya. Atakayeleta hata sindano bila kunisalimia, nitamshukuru.