Kitufe Kimegoma Getini

Jumatatu, 3 Machi

Gari limekwama getini. Pua ndani ya ua, mkia barabarani. Injini si mbovu: ilisitasita kidogo, ikawaka. Ila hendibreki imekataa kuachia. Hendibreki! Jina lenyewe uongo. Hakuna mkono wa kuvuta, hakuna cha kushika. Kuna kitufe kidogo kama cha lifti. Nabonyeza — taa nyekundu inapepesa. Nabonyeza tena — ti, ti, ti, kama karani anayekufungia dirisha huku anatafuna.

Ilivyokuwa: nimetoka gazetini kupeleka makala, nimefika getini, mdogo wangu akapiga simu. Sipokei simu gari likitembea, nimekwisha kuwachapa sana gazetini wanaopokea. Nikasimama papo hapo, nikazima injini, taa nikaziacha zinawaka. Tukagombana mpaka sikio likapata moto. Jumamosi anakuja kumchukua Mama. Si kwa likizo. Kwa kukaa. Na kitanda chake na kabati lake, kwa pikapu ya rafiki. Nikamwambia Mama si sofa. Akasema mambo yamekwisha kupangwa. Na nani? Akakata simu.

Muuguzi anayepanga nyumba ya nyuma akatoka kwenda zamu, akakuta njia imezibwa na gari lake limo ndani. Akataka kujua kama leo nimekosa mtu wa kumwandika mpaka nimeamua kuliandika geti. Nikamwambia ana miguu. Akasema anayo, na mgonjwa atakayekufa kwa yeye kuchelewa atamwelekeza kwangu. Ana mdomo yule! Ningempenda kama asingekuwa jirani.

Mama alikuwa barazani. Alitazama gari muda mrefu, akaingia ndani.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja fundi. Mtaa mzima unamwita Profesa, na anaitika. Alizunguka gari mara kadhaa kama mnunuzi wa ng'ombe. Akalala chini, akaligonga gurudumu la nyuma kwa nyundo, akasikiliza, akaligonga la pili. Hukumu: kuna mota ndogo inayobana breki kila gurudumu la nyuma, na zote mbili zimekufa. Zimekufa kwa pamoja? Kwa pamoja, kasema, kama mapacha. Nikamwuliza amejuaje bila kupima. Akasema daktari mzuri hamsumbui mgonjwa kwa vipimo.

Mota haziko dukani. Zitaagizwa. Wiki, labda na zaidi.

Nikamwaga hasira zote. Nikamwambia zamani hendibreki ilikuwa chuma na waya, ikikwama unaivuta, unaitukana, inaachia. Mnyonge alikuwa na njia ya kubishana na mashine yake. Sasa ni kitufe. Kitufe hakibishani. Kinapokea ombi lako, kinakwenda kuuliza kompyuta, kompyuta inasema hapana na haitoi sababu. Ni serikali kamili, nikasema, imekaa katikati ya viti viwili! Profesa akakubali kwa kichwa kila sentensi. Nilipomaliza akauliza kama haya yote nitayaandika, na kama nikiandika nitaweka namba yake ya simu.

Nimesoma kitabu cha gari. Ukurasa wa hendibreki umeandikwa na mtu asiyewahi kukwama. «Wasiliana na mtaalamu aliyeidhinishwa.» Sentensi ya mwoga. Mwandishi mchanga angeniletea sentensi kama hiyo ningemrudishia amri ya kuianza upya akiwa amesimama.

Jumatano, 5 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Pikapu haiwezi kuingia.

Geti ni jembamba, na gari langu limelijaza kama kizibo. Kitanda cha Mama ni kile cha mbao nzito, watu wanne na matusi. Kabati ndilo kabisa. Hakuna atakayevibeba hivyo mpaka barabarani vikipita juu ya boneti langu.

Nimekwenda kulitazama gari. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikulitukana. Nimelifuta vumbi.

Nimempigia Profesa. Nimemwambia asijisumbue kuharakisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu amekuja baada ya kazi yake ya benki, shati bado limechomekewa, kujionea mwenyewe. Alisimama barabarani mikono kiunoni. Akasema ataita gari la kuvuta, nimpe ufunguo tu.

Nikamwambia magurudumu yamebanwa, likivutwa litaburuzwa, na litakalovunjika atalipa nani? Akasema lipo gari la kuvuta linalonyanyua. Nikamwambia hilo gari ni langu, geti ni langu, na ufunguo ni wangu. Akasema na Mama je, naye ni wako? Nikamwambia Mama ni wetu sote, ila mimi ndiye ninayejua dawa ya asubuhi na ya jioni, ninayejua kwamba hali chakula mahali palipo na feni, ninayempeleka kliniki. Yeye anajua nini? Anajua siku yake ya kuzaliwa, na hiyo anakumbushwa na mkewe.

Hapo nikamgusa wifi. Kosa la kimbinu. Wifi yangu hana baya lolote mtu analoweza kulishika; anatabasamu toka harusi. Nyumba yao televisheni haizimwi. Watoto wanazungumza na simu. Mama atakaa pale kama chombo cha maua, atafutwa vumbi, ataonyeshwa wageni. Nikayasema yote hayo, kwa mpangilio, hoja kwa hoja, mpaka muuguzi akasimama na mfuko wake wa sokoni kusikiliza.

Mdogo wangu akangoja nimalize. Halafu akasema taratibu, ile sauti yake ya benki:

«Dada, wewe hata gari unaligombeza. Wiki nzima linakujibu kitu kimoja tu, na bado hujasikia.»

Nimemwambia aende akaoge. Si jibu zuri. Nimepata jibu zuri baadaye nikiwa jikoni, lakini alikuwa amekwisha kuondoka. Nimemtumia kwa ujumbe. Hajajibu.

Mama alikula kidogo. Nikamwuliza kama amesikia kelele. Akasema mtaa umesikia.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Alasiri. Mimi mezani sebuleni, makala mkononi, simu sikioni, namkatalia mhariri aliyetaka kuniondolea aya nzuri. Nikamaliza naye. Nikamwita Mama aje anywe chai. Chumbani hayupo. Barazani hayupo. Nikatoka uani, muuguzi alikuwa anaanika sare zake, akaniambia bila hata kugeuka kwamba bibi yuko ofisini kwake kama kawaida. Ofisi gani? Akaelekeza kwa kidevu.

Mama alikuwa ndani ya gari. Kiti cha abiria, kimelazwa kidogo, viatu amevua, mikono juu ya mapaja. Madirisha chini. Redio inazungumza polepole — watu wawili wanajadili ufugaji wa nyuki.

Nikamwuliza anafanya nini humu.

«Nasikiliza.»

«Redio ipo sebuleni, Mama.»

«Sebuleni upo wewe.»

Nikaingia upande wa dereva. Nilidhani ni mzaha. Akaniambia si mara ya kwanza wala ya kumi. Gari likiwa uani na mimi nikianza kuandika na kupiga simu, yeye huchukua ufunguo msumarini, huja, huwasha redio, hukaa mpaka jua lishuke. Miezi. Muuguzi anajua. Muuza maziwa anajua. Mimi ndiye sijui. Mimi, ninayewaambia watu kila wiki mambo yaliyofichwa chini ya pua zao!

Nikauliza nini kizuri cha redio ya gari. Akasema wanazungumza kwa zamu. Mmoja akisema, mwingine anangoja. Nikamwambia wanalipwa kungoja. Akasema hata yeye akilipwa angeweza kunisikiliza vizuri zaidi. Na akacheka! Mama yangu, na goti lake, na viatu kavua, akacheka.

Sikucheka. Nikauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza Jumatatu, nani aliyempigia mdogo wangu.

«Mimi.»

Nikaanza. Nilikuwa na hoja tayari: kliniki iko karibu na hapa, si kule, chumba chake kina upepo, kule hajui jirani hata mmoja. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikanyamaza, kwa mshangao tu.

«Siku ile daktari aliniuliza goti linaumaje,» akasema. «Ukajibu wewe. Ukamwambia na viti vya kliniki ni vibaya, na foleni ni ya dhuluma. Yote kweli. Mkagombana pale mpaka akaandika dawa. Goti halikuwa linauma, mama. Ilikuwa nyonga.»

Nikamwambia nilikuwa namtetea. Akasema anajua. Akasema namtetea vizuri sana, hata siku ambazo hakuna aliyemshtaki.

Bado sikubali. Naandika hapa kwamba sikubali. Mtu asipotetewa katika nchi za watu wanyonge, anasahaulika kwenye benchi la kliniki! Nimeona. Na mdogo wangu atamwuliza daktari kwa adabu, na daktari atamjibu kwa adabu, na nyonga itaoza kwa adabu. Hilo Mama halioni.

Ila jambo jingine. Redio kila alasiri, injini imezimwa. Na Jumatatu mimi mwenyewe na taa zangu na simu yangu ndefu. Nikampigia Profesa, nikamweleza. Akasema alisema toka mwanzo kuwa ni umeme. Hakusema! Akasema mapacha hawajafa, wamezimia tu kwa njaa: betri ikishuka, kompyuta ya breki inajifungia. Betri ipewe nguvu kutoka gari jingine, ingojwe ijae kidogo, injini iwashwe, mguu kwenye pedali, kitufe kivutwe juu kisha kibonyezwe chini. Taa ikizimika, safari.

Kwa hiyo ninajua. Inaweza kufanyika kesho kabla chai haijapoa.

Sikumwambia mdogo wangu. Sioni ni wapi nililazimika.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha dereva, daftari juu ya usukani. Mwandiko mbaya.

Mama alimwambia. Alinisikia jana nikizungumza na Profesa, akachukua simu yake ile ya vitufe, akampigia mwanawe, akamwambia aje na waya za kubusti betri. Mimi nilikuwa bafuni. Nimezungukwa.

Pikapu iko barabarani nyuma yangu, rafiki wa mdogo wangu amelala ndani na kofia usoni. Mdogo wangu amefika na fulana, siyo shati, amejiandaa kubeba. Amenisalimu shikamoo kwa heshima zote. Nimemwitikia marahaba kama ninayetema mbegu. Waya hazifiki kwenye pikapu, betri yangu iko mbele, ndani ya ua. Basi muuguzi ameleta gari lake pua kwa pua na langu. Amejitolea! Hakuombwa. Amekaa humo anakanyaga mafuta, ananitazama kwa kioo cha mbele na kutabasamu. Nikampungia. Nilimpungia kwa ngumi.

Mdogo wangu ameunganisha waya, nyekundu kwa nyekundu, akachafuka mpaka kwenye viwiko. Amesema tungoje betri ishibe kwanza. Tunangoja. Hatuzungumzi. Nyuma yake, barazani, wamekwisha kutoa godoro. Limesimamishwa ukutani. Mto wake uko juu ya kiti, na ndani ya foronya amefungia nguo zake za ndani ili wanaume wasizione. Ninamjua. Wifi hatajua hilo. Atafungua foronya mbele ya watu.

Nitamwambia wifi. Si kwa kugombana. Nitamwandikia.

Mdogo wangu kapiga boneti kwa kiganja: jaribu. Nimewasha. Injini imeshika mara moja, bila kusita. Taa nyekundu inapepesa bado. Mguu kwenye pedali. Kitufe juu. Kitufe chini. Hakuna kitu. Mdogo wangu amerudi kwenye waya, anazikaza. Muuguzi anakanyaga.

Nimejaribu tena yeye akiwa ameinama. Juu. Chini.

Pamelia kitu nyuma — mlio mdogo, kama mtu anayekunja shuka mbichi. Kulia, kisha kushoto. Taa imezimika.

Injini mbili zinanguruma, hakuna aliyesikia. Nimekanyaga pedali mpaka chini. Nikiinua mguu tu, gari litasogea. Ua una mteremko.

Mdogo wangu ameinua kichwa juu ya boneti.

«Vipi, Dada?»

«Bado.»

Ameamini. Ameinama tena.

Mama amesimama kwenye ngazi ya baraza, ameshika ukuta. Yeye hatazami waya wala godoro. Anatazama gurudumu la nyuma, halafu mimi. Miezi yote hiyo amekaa humu, hakuna mlio wa gari hili asioujua. Anashuka. Ngazi moja, anapumzika. Nyingine. Ni nyonga, naiona sasa, mguu wa kulia anauvuta. Muuguzi anamwona, ameacha kukanyaga. Mdogo wangu anataka kumkimbilia, amemkataza kwa mkono.

Haji upande wa abiria. Anakuja kwenye dirisha langu.

Nina hoja tatu. Nimezipanga. Ya kwanza ni —